Gari Lilichemsha

Mlikuja nyumbani Chemchem, mkaketi mkekani, mkaniuliza safari ilikuwaje. Nikawajibu, "Tumefika salama, tumerudi salama," kisha nikakimbilia jikoni kujifanya natafuta sukari. Najua mlinisema mlipotoka. Mwanaidi mwenye mdomo wa kuuza asali sokoni kutwa nzima, leo hana neno! Basi nimekaa, nimeandika. Someni wenyewe, halafu asiniulize mtu tena mbele ya mama.

Kwa asiyejua: kaka yangu Hamisi alikuwa anaumwa huko Ujiji, ini, na hospitali walishamrudisha nyumbani. Alikuwa anataka kitu kimoja tu, radhi ya mama. Miaka tisa mama hakuwa anasema naye. Baba alipofariki, Hamisi alifika hapa Tabora siku ya tatu jioni, tumeshazika, tumeshasoma hitima, akasema gari lilichemsha njiani. Mama akamtazama, akasema, "Mtu anakwenda kumzika baba yake, ananiletea habari za gari!" Tangu siku hiyo neno hilo kwetu likawa la kumchekea mwongo. Mtoto akitumwa dukani akachelewa, anaulizwa, "Vipi, lilichemsha?" Mimi mwenyewe nimelisema mara nyingi, tena nikicheka.

Wifi yangu Zaituni, mke wa Hamisi, alipopiga simu kusema mgonjwa hali chakula tena, nilimpelekea mama simu aseme naye. Akaisukuma kwa kiganja. "Radhi haisemwi kwenye simu. Nikiitoa, nitaitoa namwona uso." Ana miaka themanini na mgongo wake hauwezi basi. Ikabidi nimpeleke kwa gari langu.

Chemchem hadi Urambo

Gari lilikuwa limetoka kwa fundi jana yake. Fundi Kasimu alikuwa amelifungia rejeta mpya na pampu mpya ya maji, na mimi nilimganda tangu asubuhi kama kupe. Alipomaliza alijaza maji mpaka mdomoni, akafunga kifuniko, akasema, "Dada, niachie nusu saa liungurume hapa nilisikilize."

Nikamwambia, "Sikiliza redio. Mimi nina mgonjwa."

Hilo ndilo kosa langu, na nalitaja mapema ili msije mkamlaumu Kasimu.

Tuliondoka baada ya sala ya Alfajiri. Mama alikaa mbele, kiti kimelazwa kidogo, kajifunika kanga mbili, na mapajani kashika mfuko wa matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga. Kwenye makutano ya reli nikasimama kupisha, na gari likaanza kutetemeka. Mngurumo ukapanda, ukashuka, ukawa kama unakata, ukapanda tena. Usukani ukanicheza mkononi. Tulipoanza kwenda likatulia, nami nikasema Alhamdulillahi, ni ugeni wa vifaa tu.

Kisha nikasikia maji. Yalikuwa ndani, nyuma ya dashibodi, upande wa mama. Yanamiminika kidogo, yanasita, yanamiminika tena.

"Nani anaoga?" mama akauliza.

"Ni maji ya rejeta, mama."

"Rejeta si iko huko mbele? Hii sauti iko hapa magotini kwangu."

Mnajua wote kazi ya mama. Miaka arobaini amewaosha wanawake waliofariki Chemchem, na wengine wenu amewaoshea mama zenu. Akainamisha kichwa kilomita nyingi, anasikiliza. Halafu akasema taratibu, kama anayejisemea, "Anayeoga mwenyewe hamimini hivi. Hivi anamiminiwa mtu."

Nikawasha redio, na redio ikakoroma tu.

Urambo

Karibu na Urambo mshale wa joto ulipanda bila hodi. Nikaegesha mbele ya kibanda cha chakula, nikafungua boneti, mvuke ukanipiga usoni. Mama ntilie wa pale alikuja mbio, akachungulia ndani, akamwona mama kalala na kanga zake.

"Maskini! Mnampeleka hospitali gani?"

"Yeye si mgonjwa," nikasema.

"Usinifiche, dada, hata mimi nimeuguza." Akaleta uji wa ulezi, akamshika mama kichwa, akaanza kumnywesha kwa kijiko. Mama akatoa macho. Lakini alikunywa wote, maana ulikuwa uji mzuri, kisha akafuta mdomo akasema, "Sasa nimepona. Shika kijiko chako." Watu wa kibandani walicheka, nami nikacheka mara ya kwanza na ya mwisho siku ile.

Nikampigia Fundi Kasimu. Akaniambia nikitoka pale niwashe hita ya ndani, ipulize kwa nguvu, itavuta joto la injini. "Mtatoka jasho, lakini mtafika," akasema.

Tukasubiri lipoe, nikaongeza maji, tukaendelea. Baada ya muda mshale ukaanza kupanda tena. Nikawasha hita. Jamani, ikatoka baridi! Si upepo wa kawaida wa dirishani. Ilikuwa baridi ya kisimani, inatoka kwenye matundu, inatupiga vidoleni, na huku injini inachemka kiasi cha kunuka. Mama akaweka kiganja kwenye tundu, akakirudisha haraka, akakificha ndani ya kanga. Na mshale, mbele ya macho yangu, ukaanguka kutoka juu kabisa hadi chini, kama gari halijawashwa tangu juzi.

"Linakudanganya," mama akasema.

"Gari halidanganyi, mama, ni chuma."

"Haya."

Kaliua hadi kwenye mawe

Tukapita Kaliua bila kusimama, maana nilishagundua kwamba tukisimama ndipo linapozidi. Likienda, mshale unacheza lakini unashuka. Likisimama, linatetemeka na mshale unapanda. Nikajiwekea sheria: hakuna kusimama mpaka Ujiji. Hapo nilikuwa sijakumbuka mawe.

Babu yake mama alikuwa mpagazi. Alitembea njia hii na meno ya ndovu begani, Ujiji hadi Tabora, Tabora hadi pwani. Kuna mahali kati ya Kaliua na Usinge, kando ya barabara, pana rundo la mawe, na kila mpagazi aliyepita aliongeza lake ili mzigo usimlemee mbele. Sisi watu wa ukoo ule hatupiti bila kuweka jiwe. Mama hajawahi kupita bila kuweka.

"Simama," akasema.

"Mama, nikisimama litachemka."

"Mwanaidi. Simama."

Nikasimama. Sikuzima, nikiogopa lisiwake tena. Mama akashuka na fimbo yake, akaokota jiwe, akaenda polepole. Mimi nikabaki nimeukodolea mshale macho, gari linanitikisa mpaka meno yanagongana, na ile sauti ya maji ikaja kwa nguvu kuliko mara zote. Kisha boneti ikafuka kote. Nikazima. Kimya kilichoingia hapo sijawahi kukisikia. Hakukuwa na ndege wala mbung'o, ilikuwa miombo mitupu na jua la kiangazi.

Nikafanya upumbavu. Nilikuwa na hasira na mama, na mawe yake, na hata Hamisi na ini lake, Mungu anisamehe. Nikachukua kitambaa nikafungua kifuniko cha rejeta kikiwa bado cha moto. Maji yakaruka, yakaniunguza mkono huu mliouona umefungwa, yakamwagika chini yote, mengi, yanachemka, kwenye mchanga chini ya yale mawe.

"Umesema Bismillahi?" Mama alikuwa amesimama nyuma yangu.

Sikuwa nimesema. Tangu nikiwa mtoto wa kuosha vyombo nafundishwa kwamba maji ya moto hayamwagwi ardhini kimya kimya, kwa sababu hujui nani amekaa hapo. Nikasema wakati huo, nimechelewa, huku machozi yananitoka kwa maumivu ya mkono. Mama alipepesa midomo akinisomea. Yale maji yalinywewa na mchanga mara moja.

Ndipo tukasikia, "Mwangaluka."

Alikuwa mwanamume wa makamo, amevaa koti la mvua, siku isiyo na wingu hata moja, ameshika dumu la maji. Na kutusalimu salamu ile ya asubuhi, wakati jua limeshapita utosini! Mama akamwitikia kwa Kinyamwezi. Alipokaribia nikapata harufu ya moshi na nta, na kwa kuwa hiyo ndiyo biashara yangu nikatulia kidogo. Mrina asali, nikajiambia.

Akanipa dumu. Hakuuliza tumepatwa na nini. "Hapa pana tabia hiyo," akasema. "Kuna kijana alikaa hapa siku mbili, zamani kidogo. Gari lake lilichemka hivi hivi. Nilimletea maji kwa dumu hili."

"Alikuwa anakwenda wapi?" mama akauliza.

"Tabora. Kumzika baba yake, alisema. Alikuwa analibembeleza lile gari kama ng'ombe aliyegoma kunyanyuka. Magari yalikuwa hayapiti, mvua ilikata barabara."

Mama akaegemea fimbo. "Alikuwaje huyo kijana?"

Yule mtu akanyanyua mkono wa kushoto, akakunja kidole cha mwisho mpaka nusu. "Hiki kilikuwa kifupi."

Hamisi alibanwa kidole hicho na mlango wa ghala akiwa na miaka sita. Mama ndiye aliyeufunga ule mlango.

Nikaingia garini kutafuta chupa ya asali nimpe kwa shukrani, kisha nikaona ni ujinga kumpa asali mrina asali, nikachukua matobolwa. Nilipotoka alikuwa ameshaanza kuondoka. Nikamwita. Aliendelea kutembea kati ya miti, tukimwona kwa muda mrefu tu, koti lake linapungua. Mnajua majani ya miombo wakati wa kiangazi yanavyolia hata akipita mjusi. Mimi sikusikia jani moja. Nilimtazama mama, na mama alikuwa amefumba macho.

Usinge

Tuliingia Usinge saa tisa, gari linakohoa. Wakatuelekeza kwa Fundi Nestori, ambaye hasa ni fundi wa mashine za kusaga. Wazazi wake walikuja Ulyankulu wakiwa wakimbizi, yeye akahamia huku. Ni mtu mpole, anaongea akitazama kitu anachokishika. Alinisikiliza habari zote za gari tangu mwanzo, hata ile sauti ya maji, na hakucheka. Akagusa mabomba moja moja kwa nyuma ya kidole.

"Hili la moto. Hili la baridi. Walibadilisha nini?"

"Rejeta na pampu."

"Wakajaza maji, wakafunga, ukaondoka?"

"Nilikuwa na haraka."

"Hewa imenaswa," akasema. "Imekaa juu huku, kwenye mabomba ya hita, pale anapokaa mama. Maji hayapiti, ndiyo maana injini inachemka na hita inatoa baridi. Kile kipimo cha joto kikiguswa na hewa badala ya maji kinadanganya, mara juu, mara chini. Injini nayo haijui inywe mafuta kiasi gani, inatetemeka. Na hiyo sauti ni maji yanatafuta njia."

Nilitaka kumkumbatia. Kumbe hewa! Siku nzima nakufa kwa hewa!

"Kwa hiyo hakuna kilichoharibika?"

"Hakuna. Kuna kitu kimenaswa tu. Kinatolewa polepole."

Tulilisukuma gari, mimi na yeye na jirani mmoja, magurudumu ya mbele yakapanda juu ya kichuguu kilichosawazishwa nyuma ya mashine, mdomo ukaelekea juu. Likapoa. Akaacha kifuniko wazi, akawasha injini, akawasha hita, akawa anamimina maji kwa kata, kidogo, anangoja, anabinya bomba, anamimina tena. Mapovu yakaanza kupanda. Mama aliomba kigoda, akaketi karibu kabisa na boneti.

Adhana ya Alasiri ikalia. Povu moja kubwa likapanda kutoka chini, likapasuka mdomoni mwa rejeta kwa sauti ya mtu anayeshusha pumzi. Papo hapo mtetemo ukakoma. Injini ikawa inaunguruma taratibu, na hita ikaanza kutoa joto.

Mama akasimama. Akainamia lile tundu la rejeta akasema, kwa sauti yake ya kawaida, "Hamisi, nimekupa radhi. Mwanangu, nimekupa radhi."

Wallahi nilipandwa na hasira. "Mama! Simu hutaki, rejeta unataka? Mwenyewe yupo hai, mwambie mwenyewe!" Nikapiga simu pale pale. Mtandao ukakubali. Zaituni akapokea, akasema, "Yupo, wifi, lakini anaongea kwa shida. Anauliza mmefika wapi." Nikamnyooshea mama simu. Akaigusa, kisha akakunja mikono kifuani. "Nitamwona uso," akasema. "Twende sasa hivi."

Nestori akatikisa kichwa. Gari lazima lipoe kabisa, maji yatashuka, yaongezwe asubuhi, la sivyo hewa inarudi. "Mkikwama porini huko mbele, mama, nani atawaletea maji?"

Nikamsimulia habari za yule mtu wa dumu. Akaweka kata chini. "Pale ni hifadhi siku hizi, dada. Mizinga iliondolewa yote. Hapakai mtu."

Tukalala kwake. Mkewe alitupikia ugali na kunde. Mimi nilikula, mama alichovya tonge moja, akalishika mpaka likapoa.

Usinge hadi Ujiji

Alfajiri Nestori aliongeza kata mbili, akafunga, tukaondoka. Gari lilikwenda kama jipya. Mshale ulisimama katikati, haukucheza. Nilisimama makusudi kabla ya daraja la Malagarasi kulipima, likatulia tuli, ukungu umelala juu ya maji pande zote mpaka hatuoni tulikotoka. Hakukuwa na sauti yoyote ndani. Mama alikuwa anasikiliza hata hivyo, sikio kalielekeza kwenye dashibodi. Uvinza tulinunua chai, akaacha yake.

Tulifika Ujiji saa tano. Nikazima gari mbele ya nyumba ya Hamisi. Nje palikuwa na viatu vingi vya kiume, na wanaume wamesimama wima, hawaongei. Nilijua. Lakini mguu wangu ulikuwa unaendelea kutembea.

Mama alisimama uani. Kule nyuma walikuwa wamezungushia shuka, na nyuma ya shuka kulikuwa na maji. Yanamiminika kidogo, yanasita, yanamiminika tena.

"Ndiyo hiyo," mama akasema.

Ilikuwa ndiyo hiyo. Sina namna nyingine ya kuwaambieni. Kila pumziko lilikuwa lile lile.

Zaituni akatoka ndani, macho yamevimba. Hamisi alikuwa amefariki Alfajiri, wakati Nestori anamimina zile kata mbili. "Mlikuwa wapi, mama?" akasema. "Jana kutwa anauliza. Mlikuwa wapi?"

Miaka tisa yule mwanamke ameishi na mtu aliyeitwa mwongo kwa neno lile, na analijua. Mama akamshika mikono yote miwili, akamtazama.

"Gari lilichemsha," akasema.

Zaituni alimshikilia tu, au mama ndiye aliyemshikilia yeye, sijui.

Walipomaliza kumkafini walimruhusu mama amwone uso. Aliinama kwa shida, na mgongo ule, akamwambia sikioni. Nilikuwa karibu, nikasikia. "Nimekupa radhi. Na wewe unisamehe. Niliambiwa niiseme kwenye simu, nikakataa." Kisha wakamfunika.

Baadaye nilimuuliza Zaituni, jana Alasiri Hamisi alikuwaje. Nilitaka aniambie kwamba aliitika, kwamba alitabasamu, chochote. "Aliuliza mmefika wapi, akalala tu, wifi," akasema. Sikuuliza tena.

Kurudi

Tulikaa mpaka siku ya tatu, tukasoma hitima. Wakati wa kurudi mama aliniomba nisimame kwenye mawe, na safari hii sikubisha. Aliokota mawe mawili, akayaweka yote, moja baada ya jingine. Mimi nikaacha dumu jipya limejaa maji chini ya mti, kama kuna mwenye kulihitaji. Gari lilikuwa linaunguruma taratibu. Mama alipoingia akainamisha kichwa kwenye dashibodi, akasikiliza muda mrefu.

"Kimya," akasema. "Wamemaliza." Akafunga mkanda mwenyewe, jambo ambalo huwa hawezi.

Basi ndiyo hayo. Karibuni nyumbani wakati wowote, chai ipo na matobolwa yapo. Mkichelewa semeni mlilala, semeni mlisahau, semeni hamkutaka kuja. Lile neno msilitanie tena kwangu.